Jedwali si mtu: dhana potofu kuhusu matokeo yanayotegemeana katika uchambuzi wa tafiti za picha za ubongo

Watu 20 wanaingia kwenye mashine ya MRI, mmoja baada ya mwingine. Wanaonyeshwa nyuso zenye hofu, nyuso zenye hasira na nyuso tulivu. Makala inapochapishwa ina majedwali matatu ya koordineti, yaani namba za mahali kwenye ubongo ambapo mwitikio ulifikia kilele: hofu dhidi ya utulivu, hasira dhidi ya utulivu, na zote mbili kwa pamoja dhidi ya utulivu. Je, anayekusanya tafiti za aina hii ili azichambue kwa pamoja amepata matokeo matatu au moja?

Dhana: kila jedwali ni jaribio linalojitegemea.

Hii ndiyo iliyoenea zaidi, na ndiyo inayoharibu zaidi. Mbinu ya ALE (activation likelihood estimation), inayounganisha koordineti za tafiti nyingi, hutengeneza ramani ya uwezekano kwa kila jaribio, kisha huuliza kama majaribio hayo yanakutana sehemu fulani ya ubongo kuliko ambavyo bahati tupu ingeyakutanisha. Swali hilo lina maana pale tu majaribio yanapotoka kwa watu tofauti. Hapa watu ni walewale, mashine ni ileile, na hata nyuso tulivu za kulinganishia ni zilezile, kwa hiyo vilele vitakaribiana tu. Shahidi mmoja akiitwa mahakamani mara tatu hawi mashahidi watatu.

Tuweke hesabu. Chukua vokseli moja, yaani kijisanduku kimoja cha picha ya ubongo, ambayo kila jedwali linaipa uwezekano wa 0.01. Ukiyaingiza kama majaribio matatu, ALE itakupa 1 − 0.99³, yaani karibu 0.03. Ukiyaweka chini ya kundi moja la washiriki, kanuni iliyorekebishwa na Turkeltaub na wenzake mwaka 2012 huchukua thamani kubwa kuliko zote, nayo ni 0.01. Ukiyaingiza kama matatu, thamani inaongezeka karibu mara tatu na hakuna mshiriki hata mmoja aliyeongezeka.

Dhana: programu itagundua yenyewe.

Haiwezi. GingerALE, programu inayofanya hesabu za ALE, husoma faili ulilolipanga wewe. Ikikuta makundi matatu, inaamini ni matatu. Na unapoyaunganisha, usijumlishe washiriki ukaandika 60. Katika ALE idadi ya washiriki ndiyo inayoamua koordineti itawanywe kwa upana gani: kadiri watu wanavyozidi, ndivyo mtawanyo unavyokuwa mwembamba. Ukiandika 60 unajipa uhakika wa mahali ambao watu 20 hawakuutoa.

Dhana: makala moja, kundi moja.

Nayo inapotosha, kwa pande zote mbili. Makala moja inaweza kuwa na makundi mawili ya watu tofauti kabisa, na hayo yana haki ya kuhesabiwa mawili. Upande wa pili, makala kadhaa zinaweza kutoka kwa watu walewale. Hifadhi ya ABIDE, iliyofunguliwa kwa watafiti mwaka 2012, ina data za watu 1,112, wakiwamo 539 wenye usonji. Timu nyingi zimeichota, kila moja na makala yake. Anayehesabu majina ya waandishi tu hataliona hilo. Lazima asome sehemu ya mbinu, aangalie data zilitoka wapi, kituo gani, umri gani.

Dhana: chagua jedwali moja, tatizo limekwisha.

Ni njia halali, mradi kigezo kiwekwe kabla ya kuyaona matokeo. Kuchagua lenye vilele vinavyopendeza ni upendeleo. Binafsi naona kuunganisha koordineti chini ya kundi moja ni bora, kwa sababu hakupotezi taarifa.

Dhana: ukichukua wastani, utegemezi unatoweka.

Hili linawahusu wanaofanya kazi na ukubwa wa athari (namba inayoonyesha tofauti ni kubwa kiasi gani), si koordineti peke yake. Tuseme matokeo mawili ya watu walewale yana wastani wa 0.3, na kila moja lina varianisi (kipimo cha kutokuwa na uhakika) ya 0.04. Ukidhani hayahusiani, varianisi ya wastani ni 0.02 na thamani ya z (wastani ukigawanywa kwa kipeuo cha pili cha varianisi) ni 2.12: umevuka kizingiti cha 1.96, kinachotumiwa kwa kawaida kusema matokeo si bahati tupu. Lakini uwiano (korelesheni) kati yake ukiwa 0.8, varianisi ni 0.036 na z inashuka hadi 1.58. Makala nyingi hazitaji uwiano huo. Basi rudia uchambuzi kwa 0.2, 0.5 na 0.8, na uchapishe majibu yote matatu.