Kauri yenye jina la mwenyewe: maana ya monogramu kwenye sahani

Nyumba nyingi zina kikombe kisichonywewa chai. Kina majina ya maharusi na tarehe, kinakaa kabatini nyuma ya kioo, na mtoto akikigusa anafokewa. Jina limekiachisha kazi.

Monogramu ni herufi za mwanzo za jina la mtu, zikichorwa pamoja ziwe alama moja. Ikiwekwa kwenye sahani au birika la kauri, chombo kinapata mwenyewe: hukiuzi kirahisi, na ukimpa mtu mwingine zawadi unaumbuka. Ndugu yake wa karibu ni nembo ya ukoo, ambayo matajiri wa Ulaya wa karne ya 18 waliipenda mno. (Sisi wa kanga tunaelewa haraka: hata nguo ina jina, ila la kanga ni fumbo la kumfikia jirani.)

Vyombo hivyo viliagizwa China. Kauri nyeupe ilifinyangwa na kuchomwa Jingdezhen, ikateremshwa hadi Canton, yaani Guangzhou ya leo. Huko mafundi wa rangi walinakili mchoro uliotumwa na mteja, kisha chombo kikarudi tanuruni kwa moto mdogo kuliko wa kwanza ili rangi ishike. Kwa fundi asiyesoma Kilatini, herufi M ilikuwa mchoro tu, sawa na ua au jani. Merikebu nazo zilingoja pepo za msimu, kwa hiyo mteja aliweza kukaa zaidi ya mwaka kabla hajaona sahani zake.

Mfano ninaoupenda ni seti ya chai ya Martha Washington, mke wa rais wa kwanza wa Marekani. Alipewa mwaka 1796 na Andreas Everardus van Braam Houckgeest, Mholanzi aliyekuwa mtumishi wa kampuni ya Uholanzi ya biashara ya Mashariki huko Canton. Shika kisahani kimoja. Katikati kuna MW, nyuma yake jua la dhahabu linatoa miale. Kuzunguka jua kuna mnyororo wa pete 15, kila pete na jina la jimbo moja la muungano wa Marekani. Ukingoni kabisa amejizungusha nyoka wa buluu anayeuma mkia wake, ishara ya kitu kisicho na mwisho. Kwenye utepe kuna maneno ya Kilatini yasemayo kwamba heshima na ulinzi vinatokana na huo, na wengi huelewa kuwa ni huo muungano. Mgeni anakuja kuishi Philadelphia, anabisha hodi kwa mke wa rais na siasa nzima ya nchi changa ikiwa imechorwa kwenye vyombo vya chai. Hiyo ni zawadi ya mtu mjanja.

Martha alifariki mwaka 1802. Katika wosia wake seti hiyo ilimwendea mjukuu wake, George Washington Parke Custis, na Martha aliitambulisha kwa alama ileile: kila kipande kina M W. Baadaye vipande vilitawanyika. Vingine vipo Mount Vernon, iliyokuwa nyumba ya akina Washington, vingine kwenye makumbusho ya Smithsonian.

Makumbusho yanapenda vyombo vya namna hii kwa sababu vinajieleza. Bakuli za Kichina zilizopachikwa kwenye makaburi ya nguzo ya Kunduchi, Dar es Salaam, ni nzuri kupindukia, lakini hazitaji nani alizinunua wala nani alizilia chakula. Kisahani cha Martha kinataja mwenyewe, tena kinaonyesha umri wake: Vermont na Kentucky zimo, kwa hiyo hakikuchorwa kabla ya 1792, Kentucky ilipojiunga. Tennessee haimo. Iliingia Juni 1796 ikiwa jimbo la 16, na mnyororo ulikuwa umeshachomwa tanuruni.