Maumivu ya mwili mzima tunayapimaje?

Mgonjwa wa fibromialjia, ugonjwa wa maumivu ya muda mrefu ya mwili mzima, akifika kwangu, mara nyingi damu imeshapimwa na iko safi, eksirei safi, na tayari kuna mtu amemwambia anajidekeza. Mimi ni mtaalamu wa mazoezi tiba hapa Mtwara. Siishii kumuuliza anaumwa wapi, maana atasema kote. Namuuliza wiki hii kimemshinda nini.

Kipo kipimo cha kazi hiyo, dodoso la FIQR (Revised Fibromyalgia Impact Questionnaire) la mwaka 2009, lililoboresha lile la 1991. Lina maswali 21 ya alama 0 hadi 10, yote kuhusu siku 7 zilizopita: tisa ya shughuli, mawili ya jinsi ugonjwa ulivyomlemea, kumi ya dalili, kuanzia maumivu na usingizi hadi kero ya kelele na harufu. Jumla ya shughuli unaigawa kwa 3, ya dalili kwa 2, yale mawili unayaacha yalivyo. Ukomo ni 100, na alama zikipanda hali ni mbaya.

Kazi iko kwenye shughuli. Dodoso limetungwa Marekani, linauliza kupanda ngazi. Kama hukuzipanda wiki hii, unakadiria mara ya mwisho ulipopanda. Kama huwezi kabisa, unajaza 10. Sasa mama wa Mikindani ambaye nyumba yake haina ngazi? Ukimwandikia 10 umempa ugonjwa usio wake. Hata hivyo swali silibadilishi kienyeji, kwa sababu alama hazitalinganishika tena na za kwingine. Pembeni naongeza yangu: kubeba ndoo ya lita 20, kuinama kuokota korosho, kukaa kwenye mbuzi mpaka nazi iishe.

Na muulize akiwa peke yake. Mbele ya mkwewe atakujibu "salama tu, mwanangu", na karatasi itajaa sifuri.

Jumla nayo ifumue. Chukulia shughuli 54, yale mawili 14, dalili 70: yaani 18 + 14 + 35, ni 67. Baada ya miezi kadhaa ya mazoezi mepesi ziwe 36, 10 na 66: 12 + 10 + 33, ni 55. Imeshuka karibu asilimia 18. Kwa dodoso la awali, watafiti walihesabu asilimia 14 kuwa nafuu ya maana. Dalili hazijasogea sana, nafuu imekuja kwenye shughuli. Mgonjwa kama huyo akiniambia "bado naumwa", anasema kweli. Mazoezi hatuyaachi, ila wiki inayofuata tunaanza na usingizi.