Kinga kuukuu: yanayosemwa Lubumbashi na yaliyo kweli

Baba mdogo aliponikabidhi kinga yake ya zamani (kinga ndiyo baiskeli kwetu), pale nyumbani Katuba, ushauri ulifika kabla sijashika hata funguo moja ya nati. Jirani mmoja alisema nianze na rangi. Mwingine akasema chuma kilicholiwa hivyo niwauzie wanunuzi wa vyuma chakavu. Walinitakia mema, lakini kama ningewasikiliza ningepoteza pesa, na pesa yenyewe ilikuwa ya kuhesabu.

"Imeliwa na kutu, imekwisha."

Si lazima. Kutu nyingi ni ya juu tu, msasa unaiondoa, na fremu za chuma za Raleigh, Phoenix au Hero zina unene wa kutosha kuvumilia. Ya kuogopa ni kutu iliyotoboa. Geuza kinga miguu juu, kisha gongagonga kwa mpini wa bisibisi chini ya ekseli ya pedali, maana maji ya mvua yanayoingilia bomba la kiti hutuama pale. Bomba zima hulia. Lililooza hutoa sauti iliyokufa, na ukilisukuma kwa ncha ya bisibisi linabonyea. Hapo jirani yangu angekuwa na haki.

Usukani na rimu za kromu usiziguse kwa msasa. Finyanga karatasi ya alumini, ile ya kufungia chakula, iloweshe maji na usugue. Alumini ni laini kuliko kromu, kwa hiyo kutu inatoka bila kuacha mikwaruzo. Nati na boliti zilaze kwenye siki usiku kucha, asubuhi zisuuze, zikaushe na uzipake mafuta palepale, kwani chuma kilichotoka kwenye siki hushika kutu upya upesi sana.

"Anza na rangi, utaona inavyobadilika."

Rangi iliyopakwa juu ya kutu hubanduka, kutu ikiendelea chini yake. Na bei ya mkebe wa rangi ni pesa ya gololi, grisi na mipira ya breki, vitu ambavyo bila hivyo kinga haiendi au haisimami. Rangi ingoje.

Pesa yangu ya kwanza ilikwenda kwenye kitovu cha gurudumu la nyuma, na hapa ndipo ninapowasihi watu wasiwe na haraka. Gurudumu lilikuwa linazunguka, likikoroma kidogo, na wengi wangesema "bado linakwenda". Nilipolifungua, grisi ilikuwa imegeuka ugoro mweusi mkavu. Upande wa mnyororo palipaswa kuwa na gololi 9. Nilikuta 7, mbili zimepasuka, zilizobaki zina vishimo. Nilinunua zote upya, pande zote mbili, 18. Usichanganye mpya na kuukuu: zilizolika ni ndogo kidogo, kwa hiyo mzigo wote utazilemea zile mpya. Nyuma huwa za robo inchi, yaani milimita 6.35, na mbele ndogo zaidi, za 4.76. Kabla ya kufunga, pitisha ncha ya kalamu kwenye njia ya gololi juu ya koni, ile nati inayobana gololi kwenye ekseli. Ncha ikikwamakwama, badilisha koni pia, la sivyo gololi mpya hazitadumu. Grisi ya kawaida ya magari inatosha kabisa.

Kuna wanaosema mafuta ya vidanje, yaliyomwagwa kutoka injini ya gari, ni grisi ya bure. Yamejaa masizi na unga wa chuma. Yapake kwenye mnyororo wakati wa kiangazi, Mei hadi Oktoba, vumbi letu jekundu lishike juu yake, na utakuwa umejitengenezea msasa unaokula meno. Mnyororo usafishe kwa petroli ya taa, yaani mafuta ya taa, ukaushe, kisha tia tone moja la mafuta safi kwa kila pini na upanguse yanayobaki nje. Esansi, yale mafuta ya kuendeshea gari, iache: mvuke wake unatambaa chini, na nyumbani kwetu mbabula, jiko la makaa, haiko mbali.

"Ikikataa kufunguka, nyundo."

Kwanza angalia unazungusha upande gani! Pedali ya kushoto hufunguka kinyume na boliti ya kawaida, na kwenye nyingi ya kinga hizi kikombe cha gololi cha ekseli ya pedali upande wa kulia ni vilevile. Nimeona fundi kijana akiharibu nyuzi za krenki (mkono wa pedali) nzima kwa nguvu tu. Ile pini ya kabari inayoshika krenki ndiyo kweli inahitaji nyundo, lakini simamisha kipande cha bomba la chuma chini ya krenki, kikanyage ardhi, ndipo upige pigo moja lililonyooka. Bila bomba hilo, pigo linaishia kwenye gololi za ekseli.

Na tairi. "28 ni 28," wanakuambia. Hapana. Kinga za zamani za breki za fito za vyuma, si za waya, huvaa 28 ambayo rimu yake ni milimita 635, wakati nyingine nyingi zinazoitwa 28 ni 622. Tofauti ni milimita 13: ya 622 haitapanda, na ukitia ya 635 kwenye rimu ndogo itachomoka. Namba imeandikwa ubavuni, kwa mfano 40-635. Nilikwenda soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, na tairi bovu begani, nikalilaza juu ya jipya, midomo ikalingana, ndipo nikatoa franka.