Si mke wa Gretzky aliyemwondoa Edmonton

Tangu 1988 mashabiki wengi wa hoki ya barafuni wameamini kwamba nyota wa mchezo huo, Wayne Gretzky, aliihama klabu ya Kanada, Edmonton Oilers, kwa sababu mkewe, mwigizaji Janet Jones, alitaka waishi karibu na Hollywood. Ni rahisi kuona hadithi ilikotoka: walifunga ndoa Julai 16, na Agosti 9 akapelekwa Los Angeles Kings. Lakini kufuatana kwa tarehe si ushahidi.

Fuata fedha. Mmiliki wa Oilers, Peter Pocklington, alihitaji pesa taslimu kwa ajili ya biashara zake nyingine, na Gretzky ndiye aliyekuwa mali yake ya thamani kuliko zote. Kings walilipa dola milioni 15 za Marekani, wakatoa wachezaji Jimmy Carson na Martin Gélinas, pamoja na nafasi tatu za raundi ya kwanza za kuchagua chipukizi. Hakuna mke anayeandika mkataba wa namna hiyo. Gretzky mwenyewe alipata habari kutoka kwa baba yake, muda mfupi baada ya kutwaa Kombe la Stanley, taji kuu la hoki ya barafuni Amerika Kaskazini, kwa mara ya nne, kwamba klabu ilikuwa ikimtafutia mnunuzi.

Ni kweli alikubali kuondoka, tena aliomba mchezaji mwenzake Marty McSorley aende naye. Ila alikubali akijua tayari anauzwa. Mbele ya waandishi wa habari alilia hadi akashindwa kuendelea, na bado lawama akatupiwa bibi harusi wa majuma matatu.