Je, wajua kwa nini fundi wa sauti huomba kimya mahojiano yakiisha?

Mahojiano yamekwisha. Mhojiwa ameshika waya wa maiki kwenye kola tayari kuivua, chai iko mezani. Ndipo fundi wa sauti anaposema: "Jamani, tutulie sekunde sitini." Taa haizimwi, hakuna anayetoka, na mashine inaendelea kurekodi. Inarekodi nini?

Jibu ambalo wengi tulianza nalo, tunaoshika kamera tukiwemo, ni kwamba anachukua kimya cha kutumia wakati wa kuhariri. Jibu hilo si sahihi, na linapotosha kwa sababu liko jirani sana na ukweli. Kimya hakihitaji kurekodiwa. Programu yoyote ya kuhariri inakupa bure: futa kipande cha sauti, pengo linabaki tupu. Tabu ni kwamba utupu huo haupo popote isipokuwa ndani ya kompyuta. Chumba cha kulala usiku wa manane bado kina kama desibeli 30. Sebule ya Kariakoo mchana ina feni, friji, barabara kwa mbali, na mvumo wa transfoma na chaja unaofuata umeme wetu wa hezi 50. Waliomo ndani wameshauzoea. Maiki haizoei kitu.

Mtazamaji naye hausikii mvumo huo ukiwepo, anausikia ukikatika. Nusu sekunde tupu katikati ya maelezo inamfanya adhani spika imeharibika. Kwake ukimya kamili ni hitilafu, na ukimya anaouamini ni ule wenye feni ndani yake.

Pengo lenyewe hutoka wapi? Mzee anasema, "Mashua ilizama usiku," anakohoa, kisha anaendelea, "Tukaokoka watatu." Kikohozi lazima kitoke. Lakini ukizibananisha sentensi hizo mbili, mzee anakuwa kama anasoma taarifa ya habari. Unataka zile sekunde mbili za kuvuta pumzi zibaki, na lazima zijazwe na kitu.

Chukua kanzu iliyovaliwa miaka miwili. Imechanika, ukaitia kiraka cha kitambaa kipya cheupe. Dukani rangi zilikuwa sawa. Juani kiraka kinang'aa peke yake. Fundi mzoefu hukata kidogo kwenye upindo wa ndani wa kanzu ile ile, kwa sababu upindo umefuliwa mara zile zile na sabuni ile ile. Sekunde sitini za fundi wa sauti ndizo upindo huo, na jina lake ni sauti ya chumba. Mhariri anakata sekunde mbili humo, anazipachika palipokuwa na kikohozi, kisha kila ncha anaichanganya na jirani yake kwa fremu 2 hadi 4 (kwenye video ya fremu 25 kwa sekunde, milisekunde 80 hadi 160) ili mshono usidonoe.

Upindo lazima uwe wa kanzu ile ile, na hapo ndipo watu huharibu. Maiki ya kola ibaki pale pale, sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu. Kama palikuwa na maiki ya mlingoti pia, ile inayoshikiliwa kwa ufito juu ya mhojiwa, nayo irekodi, maana kila moja inasikia chumba kivyake. Watu wabaki, kwa kuwa miili na nguo hunyonya mwangwi. Kwenye ukumbi mkubwa hutasikia tofauti, ila kwenye chumba kidogo cha vigae watano wakitoka utaisikia. Kosa baya kuliko yote ni kuacha kifaa kijipangie usikivu chenyewe, kama simu nyingi zinavyofanya. Watu wakinyamaza kinaongeza usikivu, mvumo unapanda, na kiraka kinatoka na kelele kuliko kanzu. Panga kwa mkono, kilele cha mazungumzo kifike kama desibeli 12 chini ya sifuri, yaani chini ya kikomo cha juu cha kifaa, halafu usiguse tena.

Kwa nini sitini? Ni mazoea tu. Thelathini zinaweza kutosha. Ukiwa na mbili na ukazirudia mara kumi, shomoro aliyelia mara moja atalia kila baada ya sekunde mbili kama kengele. Karibu na barabara, chukua dakika mbili. Ukisahau kabisa, okoteza pale mhojiwa alipokuwa akitafakari swali. Siku hizi zipo programu zinazotengeneza mvumo wa kufanana. Kwa kiyoyozi zinaweza vizuri, kwa ua wenye kuku si sana.

Vitu viwili vitakushinda hata ukiwa na saa nzima ya sauti ya chumba. Saa ya ukutani hugonga kila sekunde, na popote utakapokata, mlio mmoja utawahi au utachelewa. Itoe betri kabla hamjaanza. Friji nayo ina zamu: dakika ya 10 inavuma, dakika ya 40 imetulia, ukiunganisha maneno ya nyakati hizo chumba kinabadilika katikati ya sentensi. Ichomoe, kisha weka funguo za gari ndani yake. Hamtaondoka bila kuifungua, na taa isipowaka mtakumbuka kuichomeka.