Ekari ilivyozaliwa nyuma ya maksai

Wengi wanaoniita niwapimie ardhi huamini kwamba ekari ni mraba. Ukiwachorea kipande kirefu na chembamba, wanaona wamepunjwa. Kumbe ekari ya asili ilikuwa nyembamba hasa.

Neno tumelipata kwa Waingereza. Katika Kiingereza cha kale, æcer lilikuwa shamba tu, bila ukubwa maalumu. Lina ndugu wengi: Acker la Kijerumani, ager la Kilatini, agros la Kigiriki, yote yakitaja shamba. Baadaye ndipo lilipogeuka kipimo, na kilichopimwa kwanza kilikuwa kazi: ardhi ambayo maksai waliofungwa nira waliweza kuilima kwa siku moja.

Umbo lake linatokana na hapo. Plau nzito inayovutwa na jozi kadhaa za maksai ni taabu kuigeuza, kwa hiyo mkulima alinyoosha mfuo mmoja mrefu kadiri wanyama walivyoweza kwenda bila kupumzika. Urefu huo ndio furlong, yaani urefu wa mfuo, ambao hatimaye uliwekwa kuwa yadi 220. Upana wa ekari ukawa yadi 22. Zidisha, unapata yadi za mraba 4,840, au mita za mraba 4,047 hivi. Wanafunzi huikariri namba hii kana kwamba imeanguka kutoka angani, na hilo linanisikitisha, maana ndani yake mna pumzi za wanyama na ugumu wa udongo.

Mwaka 1620 Mwingereza Edmund Gunter alitangaza mnyororo wa kupimia wenye yadi 22 na pete 100. Naustahi sana ubunifu huo. Aliuchukua upana uleule wa ekari akaugawa kwa mia, na ghafla ekari ikawa minyororo ya mraba 10 kamili, hesabu ya kuhamisha nukta tu.

Hekta ni mtoto wa Mapinduzi ya Ufaransa, 1795: mita 100 kwa 100, sawa na ekari 2.47 hivi. Kwenye ramani naipendelea.

Ila ukinunua ardhi kwa ekari, uliza urefu wa kila upande. Ekari ya mraba ina mita 63.6 kila upande, na uzio wake haufiki mita 255. Ekari ileile katika umbo la maksai, mita 201 kwa 20, inadai uzio wa zaidi ya mita 440.