Limfoma ya utumbo mpana: tunayoambiana, na inavyoonekana kwenye kamera

"Uvimbe ukionekana kwenye kamera, daktari anajua hapo hapo ni saratani gani."

Hajui. Kamera hiyo, mrija unaoingizwa kupitia njia ya haja kubwa, huonyesha sura tu, na anayekutajia jina la ugonjwa kabla ya majibu ya maabara anabahatisha. Limfoma ni saratani ya chembe za kinga, zile zinazokaa kwenye mitoki na pia ndani ya ukuta wa utumbo. Kwenye utumbo mpana ni adimu, haifiki hata moja katika kila saratani 100 za hapo. Hupenda mwanzo wa utumbo huo, chini kulia, utumbo mwembamba unapoingilia, kwa kuwa chembe za kinga zimejazana hapo. Sura yake haitabiriki. Mara ni uvimbe mmoja mkubwa wenye kidonda katikati, mara kidonda kipana chenye kingo nene, mara mikunjo ya utumbo imenenepa tu na ukiambiwa ni mwasho utakubali. Ipo aina inayotandaza vinyama kwa makumi, vingine vya milimita 2, vingine vimepita sentimita 2.

Daktari mzoefu huwa na kitu kimoja cha kumshtua. Saratani ya kawaida ya utumbo ni ngumu na hubana njia. Limfoma, hata ikiwa kubwa, mara nyingi huacha ukuta ukitanuka hewa inapopulizwa. Ndiyo maana mtu anatembea nayo na choo anapata. Hata hivyo, hiyo ni shaka tu, bado si jibu.

"Vinyama hivyo ni kichocho, shemeji. Si umekulia ziwani?"

Hii ndiyo ya huku kwetu, na wanaoisema wana sababu. Kichocho cha tumbo kimeenea mwambao wa Ziwa Victoria na visiwani, na mayai yake yakikwama kwenye ukuta wa utumbo mpana huotesha vinyama vinavyotoa damu. Kifua kikuu cha utumbo nacho hujenga pale pale limfoma inapopenda, na amiba huacha vidonda. Kwa macho vinachanganya mno. Mayai yakionekana kwenye choo yanathibitisha kichocho, lakini hayaifuti limfoma, maana mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili. Meza prazikwanteli, dawa ya kichocho, uliyoandikiwa, ila damu ikiendelea kutoka, rudi. Anayeishi na VVU asisubiri kabisa, kwa sababu hatari yake ya limfoma iko juu zaidi.

"Majibu ya kwanza hayakuonyesha saratani, basi yameisha."

Koleo la kamera hung'oa milimita chache za juu, wakati limfoma inaweza kuwa imejificha chini zaidi. Kwa hiyo huchukuliwa vipande vingi, vingine kutoka sehemu inayoonekana nzima, kwani ile aina ya vinyama vingi hukutwa hata hapo. Kisha vipande vinahitaji vipimo maalumu vya kutambua aina ya chembe. Na umwambie daktari kama umemeza prednisoloni, dawa ya kutuliza mwasho, karibuni, kwa sababu huisinyaza limfoma kwa muda na kumpoteza anayeangalia darubini.

"Kukatwa kipande kunaisambaza."

Hapana. Kinachoinufaisha ni miezi ile unayokaa nyumbani ukipaka dawa ya bawasiri, ukidhani damu inatoka huko.

"Limfoma ya Burkitt ni ya taya za watoto."

Denis Burkitt, daktari wa upasuaji, aliielezea mwaka 1958 akiwa Uganda kutokana na taya za watoto, na picha hiyo ikaganda vichwani. Lakini hushika tumbo pia, na hukua kwa kasi ya kutisha. Mtoto ambaye tumbo linavimba ndani ya siku chache apelekwe hospitali leo.

"Saratani ya utumbo ni kisu tu."

Limfoma nyingi hutibiwa kwa dawa za dripu, na zipo zinazopona kabisa. Kisu mara nyingi hubaki kwa utumbo ulioziba, uliotoboka, au unaovuja damu bila kukoma. Aina ya limfoma ndiyo inayochagua dawa. Kwa hiyo ukipewa rufaa ya Bugando, hospitali kubwa ya Mwanza, beba karatasi ya maabara pamoja na ripoti ya kamera. Ile ya maabara ndiyo itakayoulizwa kwanza.